Tunajuaje dunia ni ya kweli na sio ndoto?

mtu_wa_jinja: Wandugu, jana nimekaa pale Nile inapotokea ziwani nikawaza, huu mto naujua wenyewe ama najua tu vile macho yananiambia? Wanafalsafa walisemaje?

kijana_mbale: Descartes mwaka 1641 alitilia shaka kila kitu, macho, mwili, mpaka hesabu, akabaki na kimoja tu, kwamba anayewaza lazima awepo, halafu ili arudi kwenye dunia ya nje ikabidi amtegemee Mungu asiyedanganya, na mimi naona hapo ndo palegevu.

mama_arua: Soma Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, kitabu chake cha 1781. Anasema tunajua vitu vile vinavyoonekana kwetu, sio vile vilivyo vyenyewe. Inanisumbua mpaka leo.

mtu_wa_jinja: Webale nnyabo (asante mama), sasa huyo Kant alijuaje hivyo vitu vyenyewe vipo?