Bigijii zisizo na sukari na tumbo kuvurugika: kuna uhusiano?

Mzee wa Kosta: Wakuu habari za jioni. Naendesha kosta, Mbeya mjini–Tukuyu. Sigara nimeacha, huu mwezi wa tatu, na kinachonishikilia ni bigijii. Nachukua zile zisizo na sukari, maana mama ana kisukari na mimi kitambi kimeshachungulia. Shida ni tumbo. Linajaa gesi, linanguruma mpaka abiria wa siti ya mbele anageuka kunitazama. Kuharisha ndiyo usiseme. Juzi nimesimama Isyonje, ukungu na baridi ile, nikakimbilia choo cha mgahawa huku konda akiwaambia abiria eti dereva anakagua tairi. Kinyesi nimepima mara mbili, hakuna minyoo wala amiba. Dawa za taifodi nimemeza pia, maana huku kwetu kila tumbo ni taifodi. Je, bigijii inaweza kufanya haya?

Ndaga Fijo: Pole mkuu. Hayo ni maziwa mtindi ya Kiwira, usiisingizie bigijii.

Mzee wa Kosta: Maziwa sinywi kabisa.

Dada wa Dawa: Kaka, kwa siku unatafuna ngapi? Halafu geuza pakiti, soma yale maandishi madogo. Kuna sorbitoli, ule utamu wa badala ya sukari, au namba yake E420?

Mzee wa Kosta: Nimehesabu karatasi kwenye dashibodi. Za leo tu 22. Na sorbitoli ndiyo imeandikwa ya kwanza! Chini kabisa, kwa Kiingereza, wanasema ukizidisha inaharisha. Herufi kama mayai ya chawa.

Dada wa Dawa: Basi umeshajijibu. Sorbitoli utumbo mwembamba unainyonya kidogo tu. Inayobaki inavuta maji, ndiyo kuharisha. Ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha kama togwa, ndiyo gesi. Bigijii moja ina kama gramu moja na robo, kwa hiyo 22 ni zaidi ya gramu 27. Wengi wakifika gramu 20 tumbo linagoma. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani walieleza wagonjwa wawili waliotafuna hivyohivyo: mmoja alipungua kilo 11, mwingine 22, na walipoacha wakapona. Epo za Njombe nazo zina sorbitoli yake, ila nani anakula epo 22?

Ndaga Fijo: Na soda za sukari sifuri je? Mimi ndiyo nazipiga nipungue.

Dada wa Dawa: Hizo utamu wake mwingine, hauvuti maji hivyo. Ila Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusizitegemee kupunguza uzito. Na utafiti wa Israeli wa 2022, watu 120, ulionesha sakarini na sukralosi, nazo ni utamu wa badala ya sukari, zikivuruga jinsi mwili unavyoimudu sukari, ndani ya wiki mbili tu. Mimi nakunywa maji.

Mzee wa Kosta: Mrejesho, siku ya nne leo. Tumbo kimya, Isyonje napita moja kwa moja. Bigijii sasa ni mbili kwa siku, baada ya chakula. Njiani natafuna mbegu za maboga. Konda analalamikia maganda kuliko alivyolalamikia tumbo langu.