Ulinganisho: jeli ya benzoili peroksaidi au jeli ya adapalini kwa chunusi?

Baba Neema
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaomba ushauri kabla ya kutoa fedha. Katika duka la dawa lililo karibu nami hapa Morogoro nimeonyeshwa tyubu mbili za kutibu chunusi za usoni. Moja ni jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, na nyingine ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, ambayo bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa mwezi huu uwezo wangu ni wa kununua moja tu. Muuzaji alinijibu kwamba zote ni nzuri, na jibu hilo halikunisaidia kuchagua. Ni ipi inayofanya kazi vizuri zaidi, na ni ipi isiyo na madhara? Ninapaswa kuamua kabla ya Jumatatu.

Mpwani Halisi
Mkuu, chukua benzoili peroksaidi. Dawa hii huua bakteria wanaoishi ndani ya matundu ya ngozi, na tofauti na dawa za kupaka za antibaiotiki kama klindamaisini, bakteria hao hawajajenga usugu dhidi yake. Mimi nimeitumia tangu nikiwa chuoni na sijaona sababu ya kuhama. Ila muulize muuzaji kama anayo ya asilimia 2.5, kwa sababu nguvu ikipanda hadi 5 na hata 10, kinachoongezeka zaidi ni muwasho na ukavu kuliko uponyaji.

Mfamasia wa Zamu
Baba Neema, swali lako halijakamilika, na anayekujibu kwa haraka anabahatisha. Nani atakayeitumia dawa hii? Ana umri gani? Kama ni mwanamke, je, ni mjamzito au anatarajia kupata mimba? Chunusi zenyewe ni vipele vidogo vyenye vichwa vyeusi na vyeupe, au ni zile nyekundu zenye usaha na maumivu? Na hivi sasa anapaka nini usoni?

Ninauliza kwa sababu dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Benzoili peroksaidi hupambana na bakteria, na ndiyo maana huonekana kusaidia mapema pale penye usaha. Adapalini iko katika kundi la retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A. Hufanya seli zinazolizunguka tundu la ngozi zipukutike kwa utaratibu bila kugandamana, hivyo tundu halizibi na chunusi haipati mahali pa kuanzia. Mjamzito haipaki. Kwa ngozi nyeusi, ambayo kila kipele huiachia doa la miezi kadhaa, mimi huiegemea adapalini, lakini nijibu kwanza.

Baba Neema
Niwie radhi, mfamasia. Ni kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha tatu, anayesoma shule ya bweni mkoani Dodoma. Ana vipele vidogo vingi kwenye paji la uso, vichache vikubwa mashavuni, na madoa meusi ambayo ndiyo yanayomnyima raha kuliko vipele vyenyewe. Shule inafunguliwa Jumatatu.

Mfamasia wa Zamu
Hapo picha imeanza kuonekana, ingawa hujajibu swali la mwisho. Kwa umri huo adapalini inaruhusiwa. Nchini Marekani inauzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016 kwa watu wa kuanzia miaka 12. Tatizo huwa ni namna ya kuitumia. Aoshe uso usiku kwa sabuni isiyo kali, aukaushe kabisa, kisha achukue jeli kiasi cha punje ya njegere na kuisambaza uso mzima, akiacha macho, pembe za pua na midomo. Wengi hudondoshea dawa juu ya kipele kilichokwisha kutoka, wakati kazi ya adapalini ni kuzuia kile ambacho bado hakijaonekana. Wiki mbili za mwanzo apake usiku mmoja na kuruka mmoja, na kama ngozi inakauka apake mafuta mepesi juu yake. Mwambie mapema kwamba katika wiki za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka, na kwamba matokeo hupimwa baada ya wiki 12 hivi. Asubuhi apake mafuta ya kujikinga na jua, kwa maana jua hukoleza madoa na retinoidi huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua.

Mpwani Halisi
Kwa heshima zote, mfamasia, maelekezo haya yanamfaa mtu mwenye chumba chake na kioo chake. Msichana wa bweni, ambaye taa huzimwa kwa kengele na asubuhi husimama mstarini juani, hataruka usiku mmoja na kupaka mwingine kwa muhula mzima, tena huku uso ukizidi kuharibika mbele ya wenzake. Ataitupa. Benzoili peroksaidi unapaka safu nyembamba mara moja kwa siku, na baada ya wiki chache unaona tofauti.

Matroni Mstaafu
Nimekaa mabwenini miaka mingi, kwa hiyo naomba niseme juu ya yale ambayo wauza dawa hawayaoni. Benzoili peroksaidi huondoa rangi kwenye nguo. Shati jeupe halidhuriki, lakini sweta la buluu, ushungi, blanketi na foronya ya rangi hupata mabaka ya rangi ya machungwa ambayo hayafuliki. Nimewahi kusuluhisha ugomvi wa khanga iliyoazimwa ikarudi na mabaka hayo shingoni, na mwenye khanga hakukubali kabisa kwamba ni dawa. Kama mtachagua hiyo, mnunulie binti foronya nyeupe na taulo jeupe la uso, anawe mikono baada ya kupaka, na asivae sweta mpaka dawa ikauke.

La pili, shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kukaa na dawa kitandani, hukabidhiwa matroni. Mwandikie barua inayotaja jina la dawa na saa ya kupaka, la sivyo dawa ya usiku itatolewa asubuhi baada ya chai. La tatu, tyubu moja ikiingia bweni hupakwa na wasichana wote, pamoja na wale ambao ngozi zao haziihitaji.

Mwana wa Liwa
Mimi nashangaa tunavyokimbilia tyubu za viwandani. Bibi zetu walisinga liwa, wakapaka shubiri, na kipele kigumu kilikatwa kwa ndimu. Hakuna aliyekwenda duka la dawa, na nyuso zao zilikuwa laini.

Mfamasia wa Zamu
Liwa sina ugomvi nayo kama haimwashi mtu. Ndimu ninaikataa. Ni asidi kali isiyo na kipimo, na maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua husababisha kuungua kunakoacha weusi mkubwa kuliko doa uliloanza nalo. Dawa ya meno nayo iko katika fungu hilohilo.

Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, niwasimulie kilichompata mtoto wa mdogo wangu, kwa sababu naona mnabishana juu ya tyubu zenye majina wakati hatari iliyonifika nyumbani haikuwa na jina. Binti huyo alikuwa na chunusi za kawaida tu za ujanani. Mama yake alimpeleka kwenye duka la vipodozi, siyo duka la dawa, na mwenye duka akampimia krimu kutoka kwenye ndoo ndogo, akaitia ndani ya kopo la plastiki lisilo na maandishi, akasema ni ya chunusi na inang'arisha. Ilifanya kazi kwa namna ya kutisha. Wiki haikuisha, uso ukawa laini na mweupe, na shangazi zake wote, mimi nikiwemo, tukamsifu. Aliendelea kuipaka kwa miezi.

Siku krimu ilipoisha na mwenye duka hayupo, uso ulimlipuka. Ulikuwa mwekundu, unawaka moto, umejaa vijipele vya usaha vya ukubwa mmoja kuanzia kidevuni hadi kwenye nyusi, na mashavuni akaanza kuota vinyweleo. Maji ya kawaida yalimchoma. Mama yake, kwa kudhani chunusi zimerudi, akamnunulia hiyo benzoili peroksaidi mnayoizungumzia, ya asilimia 10, na usiku huo mtoto hakulala. Daktari wa ngozi alipomwona hakuuliza hata aina ya chunusi, aliuliza kopo. Alisema dalili zote zinaonyesha kuwa ndani mlikuwa na steroidi kali, na kwamba mkorogo wa namna ile hupumbaza uvimbe huku ukiikondesha ngozi, mpaka unapouacha ndipo ngozi inapodai deni lake. Matibabu yalichukua karibu mwaka, na kwa muda mrefu hakuruhusiwa kupaka dawa yoyote ya chunusi yenye kuchubua.

Kwa hiyo, baba, lile swali la mfamasia ulilolikwepa, la anapaka nini sasa, mimi nalirudia.

Mtafiti wa Mtaani
Ninaandika kutoka Nairobi. Kabla hatujaisifu sana benzoili peroksaidi, tukumbuke suala la benzini. Mwaka 2024 maabara binafsi ya Marekani iitwayo Valisure ilieleza kwamba benzoili peroksaidi inaweza kuvunjika na kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani, hasa ikihifadhiwa kwenye joto. Machi 2025 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilitangaza matokeo ya kupima bidhaa 95, na chache kati ya hizo ziliondolewa madukani. Sasa fikirieni tyubu iliyofungiwa ndani ya tranka la bati.

Mpwani Halisi
Umetaja nusu ya habari. Tangazo hilohilo lilisema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa zilizopimwa hazikuwa na benzini inayoonekana au zilikuwa na kiasi kidogo mno. Jambo la busara ni kuiweka mahali pa baridi, kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na kutonunua tyubu iliyoanikwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana.

Mtafiti wa Mtaani
Na ni maduka mangapi unayoyajua ambayo hayana kabati la aina hiyo?

Matroni Mstaafu
Stoo ya dawa ya shule ina kivuli kuliko tranka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuikabidhi.

Baba Neema
Nimerudi baada ya kuzungumza na binti. Anasema kwamba tangu muhula uliopita amekuwa akipaka krimu aliyopewa na mwenzake wa bweni, na kwamba ilimsaidia sana mwanzoni. Ipo kwenye tyubu, siyo kopo, na nimesoma maandishi madogo: betamethasoni, jentamaisini na klotrimazoli. Je, anaweza kuendelea nayo huku akianza mojawapo ya zile mbili?

Mfamasia wa Zamu
Hapana, na sasa ulinganisho wenyewe umebadilika. Betamethasoni ni steroidi, jentamaisini ni antibaiotiki, na klotrimazoli ni dawa ya fangasi. Mchanganyiko huo haukutengenezwa kwa ajili ya chunusi, na steroidi yenyewe ikitumika usoni kwa muda huzalisha vipele vinavyofanana na chunusi. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya vipele unavyotaka kuvitibu vimetokana na tyubu hiyo. Kama ameipaka kila siku kwa muda wote huo, asiikatishe kwa kubahatisha, wala asipake adapalini au benzoili peroksaidi juu ya ngozi iliyokonda, kwa sababu kilichompata yule binti aliyesimuliwa na Bi Mkubwa kinaweza kujirudia. Daktari amwone kabla ya Jumatatu. Hospitali ya rufaa hapo Morogoro ni pa kuanzia, na ikibidi yeye atampa rufaa ya kwa daktari wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda huu tangu miaka ya 1990.

Muulize pia kuhusu asidi ya azelaiki. Hutibu chunusi na kufifisha madoa kwa pamoja, ingawa huwasha kidogo mwanzoni na si kila duka linayo.

Mwana wa Liwa
Mnaona? Tyubu hiyohiyo ya viwandani.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, ya kwetu ilitoka kwenye ndoo isiyo na kiwanda, na ilikuwa vilevile.

Mpwani Halisi
Nakubali kuhusu daktari. Hata hivyo, baada ya ngozi kutulia, bado nasimama na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ijaribiwe kwanza sehemu ndogo karibu na taya kwa siku tatu. Fedha inayobaki inunue mafuta ya kujikinga na jua.

Mfamasia wa Zamu
Na mimi bado nasimama na adapalini, kwa sababu ya vipele vya paji la uso na madoa. Atakapofikia hapo, zipo pia jeli zinazounganisha zote mbili katika tyubu moja, maana adapalini haiharibiwi na benzoili peroksaidi jinsi tretinoini, retinoidi nyingine, inavyoharibiwa.

Baba Neema
Nitampeleka hospitali kesho asubuhi. Daktari akisema asubiri, je, shule itakubali achelewe kuripoti kwa sababu ya ngozi? Na vipi kuhusu yule mwenzake aliyempa krimu, ambaye bila shaka anayo nyingine?

Matroni Mstaafu
Cheti cha daktari kinatosha kumchelewesha. Kuhusu mwenzake, mpigie matroni simu, wala usimtaje mtoto kwa jina. Mwambie akague makabati yote.

Kijana wa Kahama
Samahani kwa kuingilia, wakuu. Mimi chunusi zangu ziko mgongoni na mabegani, na ninafanya kazi ya kubeba mizigo, hivyo jasho haliishi. Kati ya hizo mbili, ipi inapakika mgongoni bila kuharibu shati la kazi?

Mpwani Halisi
Benzoili peroksaidi ya kuoshea. Unaipaka bafuni, unaiacha dakika chache, kisha unaisuuza vizuri.

Mfamasia wa Zamu
Kabla hujanunua, tueleze umri wako, na kama umewahi kupaka au kumeza dawa nyingine yoyote.