Nesi wa thieta nimepewa ofa ya kuuza vyuma vya mifupa, niende au nibaki?

Sista_Mkoani:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni nesi wa thieta hospitali ya mkoa, huu mwaka wa saba, na muda mwingi niko mifupa maana bodaboda hazitupi nafasi ya kupumua, wiki haiishi bila mapaja matatu manne yaliyovunjika. Sasa kuna kampuni ya Dar inaingiza plati, skrubu na zile nondo za ndani ya mfupa, wamenipigia wanataka niwe mtu wao wa kanda, yaani niuze na siku ya upasuaji niingie na seti, yaani boksi la vyuma na vifaa vyake, kumsaidia daktari. Mshahara unazidi wangu kidogo tu ila wanasema hela iko kwenye kamisheni. Nina watoto wawili, mume wangu anasema kazi ya serikali haiachwi hivi hivi. Naombeni mlioko huko mniambie siku inaendaje hasa, na mwisho wangu wa kugusa ni wapi maana mimi nimezoea kuskrabu, yaani kunawa, kuvaa gauni safi na kumpa daktari vifaa mkononi.

Mzee wa Seti:
Dada karibu sana, mimi nina miaka nane huku na nilitokea maabara, kwa hiyo wewe umenizidi mbali. Watu wanadhani kazi yetu ni kuongea na madaktari. Kazi yenyewe ni usiku wa kuamkia upasuaji, uko chini sakafuni umefungua seti unahesabu skrubu moja moja, za unene wa milimita 3.5 huku za 4.5 kule, urefu unapanda milimita mbili mbili na ile utakayoikosa ndiyo daktari atakayoitaka kesho.

Mimi mwaka wa kwanza nilipokea seti imetoka hospitali nyingine nikaiamini, sikuifungua. Asubuhi paja limeshafunguliwa, plati iko juu ya mfupa, daktari anaomba biti ya 3.2 ya kutobolea skrubu za 4.5, sista anainyanyua imekatika ncha. Nikakimbia thieta ya pili kuazima, lakini ya kuazima nayo lazima ipite kwenye otokilevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, kwanza, nyuzi 134, mpaka ije ikauke na kupoa ni kama dakika arobaini. Mgonjwa kachomwa sindano ya mgongo, yuko macho, anauliza bado? Yule wa dawa ya usingizi anaangalia saa halafu ananiangalia mimi. Daktari hakunigombeza hata kidogo na hiyo ndo iliniuma zaidi. Toka siku hiyo seti hailali kwangu bila kufunguliwa, hata nimefika saa sita usiku.

MamaThieta:
Mwanangu mimi ni inchaji wa thieta, nakujibu hilo la kugusa. Huskrabu. Humgusi mgonjwa wala meza yenye vifaa safi, hata tukiwa wawili tu na mikono haitoshi. Unasimama pembeni, unamwambia sista wangu "baada ya hii atataka kipimo cha kina", unaonyesha kwa kidole au kile kitochi cha mwanga mwekundu, basi. Najua itakuwasha maana mikono yako inajua kazi, lakini siku likiharibika utaulizwa uliingia pale kama nani. Na seti iletwe jana yake mchana, usinifikie saa moja asubuhi na boksi halijachemshwa. Aproni ya risasi uvae kila eksrei ikiwashwa, wanaojifanya wazoefu wanasahau.

Nilirudi wodini:
Mimi nilifanya miaka miwili nikarudi kwa sababu ya hela tu, kazi nilikuwa naipenda. Uliza hivi kabla hujasaini: kamisheni inahesabiwa mzigo ukiingia hospitali au hospitali ikishalipa? Mimi ilikuwa ikishalipa, na kuna hospitali nilimaliza nusu mwaka nafuatilia deni lile lile, mhasibu ananiambia njoo Ijumaa. Uliza pia skrubu ikianguka chini au ikipotea kwenye seti iliyoachwa hospitali nani anailipa, mimi nilikatwa. Na waulize vyuma vyao vimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakuonyeshe, maana jina lako ndilo litakalokuwa mbele ya daktari. Kitu kingine, hospitali zenye mradi wa SIGN, kama MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au Bugando, nondo za paja na za muundi zinakuja za msaada, daktari akituma taarifa za mgonjwa anarudishiwa nyingine, kwa hiyo usiwekewe lengo la kuuza nondo hapo, utalia.

Sista_Mkoani:
Asanteni jamani, mama asante sana, kweli hilo la mikono ndo lilikuwa linaninyima usingizi. Kesho namwona afisa utumishi niulizie likizo bila malipo kabla ya kuandika barua yoyote. Mzee wa Seti, hiyo kampuni nitaijuaje iko makini? Wameniita Dar wiki ijayo.

Mzee wa Seti:
Ukifika waombe wakupeleke stoo, usiishie ofisini. Chagua mwenyewe seti moja iliyorudi karibuni, omba ifunguliwe mbele yako pamoja na karatasi yake ya matumizi. Matundu ya skrubu yaliyo wazi uyahesabu, halafu linganisha na karatasi. Yakilingana, kaa uzungumze nao mshahara. Yasipolingana na hakuna anayejua zimeenda wapi, panda basi urudi nyumbani dada.