Jenerali aliyeshinda vita anaweza kumng'oa rais anayependwa? Mi nasema hapana

Wadau, kuna watu wanaamini jenerali akishinda vita halafu akagombea urais basi anapita kiulaini. Mi nabisha, na mfano wangu ni Sri Lanka 2010.

Sarath Fonseka ndo alikuwa mkuu wa jeshi lililowamaliza Tamil Tigers, waasi wa Kitamil waliotaka nchi yao, mwezi wa 5 mwaka 2009, vita ya zaidi ya miaka 25, na 2006 mwenyewe alinusurika bomu la kujitoa mhanga ndani ya makao makuu ya jeshi. Sifa gani tena unataka? Baadaye kakosana na Rais Mahinda Rajapaksa, kavua gwanda, kaenda upinzani. Januari 2010 matokeo yanatoka, Rajapaksa karibu asilimia 58, jenerali 40. Na kura yake mwenyewe hakupiga manake jina halikuwemo kwenye daftari (hapa nilicheka sana).

Shida ni kwamba ushindi wa vita ni wa wote wawili. Kila jenerali akipanda jukwaani kusema tumeshinda anampigia kampeni na rais aliyemteua, akisema vita iliendeshwa vibaya anajichoma mwenyewe, sasa anabaki na hoja za ufisadi na ukoo mmoja kushika kila kitu, ambazo ni hoja nzuri tu ila hata raia wa kawaida angezisema. Cha ajabu Jaffna, kaskazini kwa Watamil, watu waliopigwa na jeshi lake, ndo alimshinda Rajapaksa, ingawa waliojitokeza ni wachache. Kura nyingi ziko kwa Wasinhala, kabila kubwa la nchi, na huko mwenye vita alionekana rais.

Mtaniambia uchaguzi haukuwa wa haki, vyombo vya serikali vyote vilimbeba rais, na jenerali alikamatwa hata wiki mbili hazijaisha. Sawa, ila pengo la kura zaidi ya milioni 1.8 siyo la TV peke yake.

Marekani nako Jenerali McClellan, aliyetimuliwa jeshini na Rais Lincoln 1862 katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, alimvaa bosi wake wa zamani 1864 akaambulia kura 21 za wajumbe kwa 212.

Aliyekuja kumtoa Rajapaksa 2015 ni Maithripala Sirisena, waziri wake wa afya! Anayebisha alete jenerali mmoja aliyemshinda kwa kura rais waliyeshinda naye vita hiyohiyo. Na Eisenhower, jenerali wa Vita Kuu ya Pili aliyekuja kuwa rais wa Marekani, msimlete, 1952 Rais Truman hakugombea.