Mteja anadai vyeti vya chanjo vya mafundi wangu: ana haki ya kuviona tu, au hata ya kuvihifadhi?

FundiMkuu_Kibuye, Kisumu (Januari 2022)

Hamjambo wanajukwaa. Ninaendesha kikosi cha mafundi sita wa umeme na mitambo ya baridi hapa Kisumu. Hatujaajiriwa na mteja wetu yeyote. Tunaingia kwa mkataba wa matengenezo, tunahudumia jenereta na vyumba vya baridi, tunatia sahihi karatasi ya kazi na kuondoka.

Mwezi uliopita mmoja wa wateja wetu wakubwa aliandika kwamba kuanzia Januari hakuna mkandarasi atakayepita lango lake kabla ya kuleta orodha ya watu wake wote, pamoja na nambari za vitambulisho, nambari za simu na nakala za vyeti vya chanjo ya korona. Nakala hizo zilitakiwa zitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye wakandarasi wote wa kiwanda hicho, kuanzia wapishi wa kantini hadi wanaofyeka nyasi. Sikuzituma. Nilipeleka majina pekee, nikaeleza kwamba kila fundi atabeba cheti chake na kukionyesha langoni. Wiki ya kwanza mlinzi alivitazama vyeti hivyo na kuandika alichokiona katika kaunta buku ileile ya kupimia joto, ambayo kurasa zake zimelegea kwa dawa ya kusafishia mikono na ambayo kila anayejiandikisha husoma mistari ya waliomtangulia.

Jumatatu ya Januari 10 tulikuta karatasi imebandikwa kwa ndani ya kioo cha kibanda cha mlinzi, maandishi yakielekea nje. Ilikuwa na safu za jina, kampuni, dozi ya kwanza, dozi ya pili na maoni. Mafundi wangu wawili walikuwa wameandikiwa neno BADO kwa kalamu nyekundu. Mmoja wao alichanjwa Oktoba kwa chanjo ya Johnson & Johnson, ambayo ni dozi moja tu, kwa hiyo safu ya pili haikuwa na cha kujazwa, na aliyeitayarisha orodha akaliona pengo hilo kuwa kosa la fundi. Wa pili hajachanjwa kwa ushauri wa daktari wake. Sababu yenyewe aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tumeketi garini, akaniomba isifike kwa mtu mwingine. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya kioo kile akilisoma jina lake huku watu wakipita nyuma yake kuingia kazini. Hakusema neno. Alirudi garini, akashusha mkoba wake wa vifaa, akaniambia kwamba kiwanda hiki hatakanyaga tena.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu. Je, mteja ana haki kisheria ya kuuliza kama mafundi wangu wamechanjwa? Akishaona, ana haki ya kuhifadhi na kutangaza? Na mimi niliye katikati, ninapaswa kumweleza nini kuhusu afya ya mtu wangu? Sitaki ugomvi, kwa kuwa mkataba huu unalisha familia saba. Wala sipingi chanjo. Mimi mwenyewe nina dozi mbili, na nimewapeleka mafundi watatu kuchanjwa kwa gari langu.

UsalamaKwanza_Naivasha

Pole sana, Fundi Mkuu, na umpelekee pole huyo fundi pia.

Mimi ni afisa wa usalama na afya kazini katika shamba la maua, Kaunti ya Nakuru. Kwa wiki moja tunaweza kupokea wajenzi wa vivungulio, madereva wa malori ya baridi, mafundi wa pampu na wanyunyizaji wa kukodiwa, na wengi wao hulala katika nyumba za kupanga pamoja na wafanyakazi wetu. Nakubali kwamba mwenye mahali pa kazi anahitaji kujua hali ya chanjo kwa ujumla ili apange kazi. Nisipojua kwamba nusu ya kikosi cha wajenzi hawajachanjwa, ninaweza kuwapa kazi katika chumba cha kupangia maua, ambako watu husimama bega kwa bega katika baridi na madirisha yamefungwa.

Hata hivyo, sisi tulikosea mwanzoni karibu kama mteja wako. Tuliomba nakala za vyeti, zikajaa katika faili moja ofisini, na siku moja nilimkuta karani wa stoo akiipekua faili hiyo akitafuta nambari ya simu ya dereva. Nilishtuka, kwa sababu cheti cha Wizara ya Afya kina jina kamili, nambari ya kitambulisho, aina ya chanjo na tarehe, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo ili kukopa kwa jina lako. Tulizichoma nakala zote mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi.

Tangu wakati huo cheti kinaonyeshwa kwa muuguzi wa zahanati yetu peke yake, na kinarudi mfukoni mwa mwenyewe. Muuguzi humpa mkandarasi kadi ya kuingilia yenye rangi ya eneo analoruhusiwa kufanyia kazi. Mlinzi huona rangi tu. Mtu anaweza kupewa kadi ya maeneo ya nje kwa sababu hajachanjwa, au kwa sababu kazi yake ni ya kufukua mtaro, na mlinzi hana njia ya kutofautisha. Yeyote asiyetaka kueleza hali yake haulizwi sababu. Anahesabiwa kama ambaye hajachanjwa na anafanya kazi ya nje akiwa na barakoa. Mpango huu haugharimu chochote zaidi ya kadi na dakika chache za muuguzi.

Mama_Mamboleo

Ndugu yangu Fundi Mkuu, nimesoma habari ya fundi wako na imenigusa, lakini nitasema neno ambalo huenda lisipendeze.

Mimi ni mkandarasi kama wewe. Nina kantini katika kiwanda hapa Kisumu na ninapakulia watu zaidi ya 100 kila adhuhuri. Mei 2021 aina ya Delta iligunduliwa mjini mwetu, na Juni kaunti 13 za Ziwa na magharibi zikawekwa chini ya kafyu ya saa moja jioni. Mwezi huo nilimzika shemeji yangu. Tulizunguka na gari usiku tukitafuta hospitali yenye kitanda cha oksijeni, na tulipokipata pumzi yake ilikuwa imebaki ya juu juu. Aliambukizwa kazini na mwenzake aliyekuwa akikohoa na kusema ni vumbi. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba afya ni siri yake, ninakumbuka siri ya yule mwenzake.

Kubandika majina kwenye kioo ni kumfedhehesha mtu, na hilo silitetei hata kidogo. Ila sikubali kwamba mimi ninayesimama mita moja mbele ya kila mfanyakazi nisiwe na haki ya kujua chochote.

Muuguzi_Kakamega

Mama Mamboleo, pole kwa msiba. Nilikuwa wodini miezi hiyo, na unayoyasema niliyaona.

Naomba nieleze jambo moja la kitabibu, kwa sababu lina uzito katika swali lililoulizwa. Cheti kinathibitisha kwamba mtu alipata chanjo. Hakithibitishi kwamba leo hana virusi. Chanjo inapunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa, na kwa sababu hiyo ninamsihi kila mtu achanjwe, lakini wimbi hili la Omicron limewaambukiza hata waliokamilisha dozi. Yule aliyemwambukiza shemeji yako hakuficha cheti, alificha kikohozi. Kibarua anayelipwa kwa siku huficha homa kwa kuwa akibaki nyumbani watoto watalala njaa. Ningekuwa mteja huyo, ningeandika katika mkataba kwamba mkandarasi ataleta fundi mbadala bila adhabu endapo mmoja ataugua, na kwamba aliyeugua hatapoteza nafasi yake. Halafu ningefungua madirisha ya kantini.

Kuhusu fomu yao, Fundi Mkuu, waeleze kwamba safu mbili za dozi hazifai. Iandikwe "amekamilisha" au "hajakamilisha". Na wasiwahukumu waliokawia. Wengi waliopata AstraZeneca Machi 2021 walisubiri dozi ya pili kwa miezi kwa sababu shehena zilikwama, wala hawakuwa na hatia yoyote.

MikatabaNaSheria_Nakuru

Fundi Mkuu, nimefanya kazi ya mikataba kwa muda mrefu, na ninaona barua ya mteja wako imechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha.

La kwanza ni kuzuia maradhi mahali pa kazi, na huo ni wajibu wake. Sehemu ya 6 ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi hapo, na neno "wote" linawaingiza hata mafundi wako wasiomo katika orodha yake ya mishahara. Kwa msingi huo hawezi kulaumiwa kwa kuuliza. Ila akikwambia kwamba ni amri ya Serikali, muulize ni amri ipi. Agizo la Agosti 2021 lililoweka mwisho wa Agosti 23 liliwahusu watumishi wa umma. Tangazo la Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, la Novemba 21, lililotaka watu waonyeshe cheti kabla ya kuhudumiwa, lilisimamishwa na Mahakama Kuu Desemba 14 kabla halijaanza kutekelezwa.

La pili ni kukusanya na kutunza habari za afya, na hapo inatawala Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Sehemu ya 46 inataka data ya afya ishughulikiwe na mtoa huduma za afya, au chini ya dhamana yake, au na mtu anayefungwa na wajibu wa usiri kisheria. Inaruhusu pia pale inapohitajika kwa manufaa ya afya ya umma. Mteja wako anaweza kusimama juu ya manufaa hayo anapoangalia cheti langoni. Sioni jinsi hoja hiyo itakavyombeba hadi kwenye kioo cha kibanda, maana sehemu ya 25 inataka data iwe ile tu inayohitajika kwa lengo lililotajwa na isitunzwe kupita muda unaohitajika. Wala asiseme kwamba mafundi walikubali. Idhini katika sheria hii ni ile inayotolewa kwa hiari, na mtu anayeambiwa "onyesha au urudi nyumbani" hana hiari ya kutosha.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Mafundi hao ni waajiriwa wako wewe. Ungetuma vyeti vyao katika lile kundi la WhatsApp, wewe ndiye ungekuwa umevitoa, na malalamiko kwa Kamishna wa Data yangeweza kukutaja wewe kabla ya mteja. Ulifanya vyema kukataa. Siri ya fundi wako pia ibaki kwako. Kwa mteja inatosha uandike: "Fundi huyu atafanya kazi chini ya masharti ya asiyechanjwa," bila sababu. Ikiwa yeye mwenyewe atataka kulalamika, haki hiyo ni yake, na uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90.

Mzee_wa_Nyalenda

Nyongeza fupi. Marekani wamelivutana jambo hili hili. Rais Biden aliagiza Septemba 2021 kwamba wakandarasi wa serikali kuu wachanjwe, na mahakama moja ya Georgia ikalisimamisha agizo hilo Desemba 7. Juzi, Januari 13, Mahakama ya Juu ikazuia kanuni iliyowahusu waajiri wa watu 100 na zaidi. Lililonivutia mimi ni fomu waliyowapa wakandarasi wanaoingia katika majengo ya serikali: ilikuwa na nafasi ya kutia alama kwamba "sitaki kujibu", na aliyeitia alifuata masharti ya asiyechanjwa, yaani barakoa, nafasi, na kipimo kisichozidi siku tatu. Ni sawa kabisa na anavyofanya ndugu yetu wa Naivasha kwa kadi zake.

FundiMkuu_Kibuye

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimekwenda kiwandani leo nikiwa na barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba karatasi iondolewe, kurasa za kaunta buku zenye habari za chanjo zitolewe na ziharibiwe mbele yangu, na vyeti vionyeshwe kwa muuguzi wa kiwanda badala ya mlinzi. Nimeongeza kifungu cha fundi mbadala kama alivyoshauri Muuguzi. Mama Mamboleo, nimeomba pia kwamba fundi asiyechanjwa asiingie kantini saa ya chakula bali apelekewe sahani yake nje, kwa sababu neno lako sikuweza kulipita.

Meneja aliisoma barua mara mbili, akamwita mlinzi, na karatasi ikabanduliwa nikiwa nimesimama pale. Kuhusu muuguzi na kaunta buku ameniomba wiki moja ashauriane na makao makuu. Jioni nilipita kwa yule fundi nyumbani kwake. Tulikunywa chai, nikamweleza yote, na nikamwonyesha sentensi inayomhusu ili aone kwamba haina sababu. Aliisoma polepole. Amesema kazi zetu za Kakamega na Nakuru atazifanya kuanzia Jumatatu, lakini lango lile bado, na sikumbembeleza.