Lundo la mawe juu ya kilima Masasi: tutajuaje kama ni kaburi la kale?

Mwl_Chikundi:
Habari zenu wadau. Nafundisha historia sekondari huku Masasi. Kwenye mgongo wa kilima kimoja kuna lundo la mawe la mviringo, kipenyo kama mita 9, kimo kinafika kiunoni, katikati pamebonyea. Upande wa mashariki kuna bamba moja refu limelala juu ya mawe mawili. Wazee wanasema wamelikuta hivyo hivyo. Vijana wanasema ni mali ya Mjerumani na wameshaanza kuulizia sururu. Wanafunzi wamesoma habari za makaburi ya mawe makubwa ya Ulaya, sasa wanataka kujua kama hili nalo ni la jamii hiyo. Naomba msaada kwa mambo mawili: bila kuchimba, dalili gani zinatenganisha kaburi na mawe ya kusafisha shamba? Na watu wa kale walizika vipi humo ndani, na bamba kama hilo walilipandishaje?

MaweYaKusini:
Mwalimu, tuanze na bamba, maana ndilo linalodanganya wengi. Milima ya Masasi ni miamba ya jamii ya graniti, na mwamba wa namna hiyo hubambuka tabaka kwa tabaka. Tabaka likishaachia huteleza, likakwama juu ya mawe mengine, na ukilitazama kwa mbali utaapa limewekwa na watu. Panda juu zaidi ya lilipo, ukague mwamba. Ukiona pengo lenye unene uleule wa bamba, na michirizi ya chembe nyeusi na nyeupe inaendana, basi limeshuka lenyewe. Kisha kagua miguu ya yale mawe mawili. Jiwe lililosimamishwa na watu lilitumbukizwa shimoni, na kati yake na ukuta wa shimo vikashindiliwa vijiwe vya kulikaza. Usifukue kuvitafuta, mara nyingi maji ya mvua yameshavifunua.

Tukija kwenye lundo lenyewe: mawe ya shamba hutupwa tu. Hayazidi uzito wa kubebwa na mtu mmoja au wawili, hukaa mpakani au kuzunguka jiwe kubwa lisilong'oka, na makubwa na madogo yamechanganyika kuanzia chini hadi juu. Kaburi la mawe kwa kawaida lina ukingo: mawe makubwa kuliko mengine, yamepangwa kwa kufuatana kwenye duara, mengine yamesimamishwa kwa ubavu. Zunguka lundo, lalisha nyasi kwa mkono, weka alama kwenye kila jiwe la ukingo unaloliona. Ukingo ukijitokeza kwa robo tatu ya mzunguko, kuna mkono wa mtu hapo.

Kule kubonyea katikati kuna maana mbili. Mawe yakiwa yote yameinamia ndani, chumba cha chini kimeporomoka. Yakiwa yamerundikwa nje upande mmoja, kuna mtu aliwahi kuchimba, na vijana wako wamechelewa. Halafu jiulize: kwenye mgongo wa kilima hicho kuna udongo wa kulima? Kama hakuna, hoja ya shamba imekufa.

Fundi_Newala:
Mwalimu, pima hilo bamba. Urefu mara upana mara unene kwa mita, kisha zidisha kwa 2.7, ndio uzito wa graniti kwa tani. Bamba la mita 2 kwa 1.5 lenye unene wa nusu mita ni tani 4 na kitu kidogo. Mwaka 1979 huko Bougon, Ufaransa, watafiti walitengeneza jiwe la zege la tani 32 na kulivuta juu ya magogo kwa nguvu za watu wapatao 200, wengi kwenye kamba na wachache kwenye wenzo. Hesabu inakuja watu 6 hivi kwa tani, kwa hiyo bamba la tani 4 linahitaji watu 25 kwenye tambarare kavu. Kwenye mwinuko ongeza.

Magogo yakiviringika moja kwa moja juu ya ardhi hukaa upande na kuzama, ndiyo maana chini yake hulazwa miti miwili sambamba kama reli. Kusimamisha nguzo, yaani mawe ya kubeba bamba, shimo huchimbwa ukuta mmoja wima na upande wa pili mteremko; jiwe huteleza kwenye mteremko, kitako kinagonga ukuta, ndipo linavutwa likae wima na kukazwa. Nguzo zote zikishasimama, pande zote hujazwa udongo na kifusi hadi usawa wa vichwa, kisha bamba huburutwa juu ya mteremko wa udongo na kulazwa. Kifusi cha ndani huondolewa mwisho.

Hatari yenyewe iko hapo mwisho. Nguzo zilizosimama wima kabisa zikibebeshwa mzigo hufunguka kwenda nje, kwa hiyo fundi huziinamisha kidogo kwa ndani. Na bamba hupenda kukaa juu ya nguzo tatu. Ukiweka nne bila kuzisawazisha, moja haibebi chochote na bamba linacheza.

Ambako bamba moja haliwezi kufunika chumba, waliezeka kwa mawe bapa, kila safu ikichomoza ndani kuliko ya chini yake hadi tundu la juu linafungwa na jiwe moja. Mkia wa kila jiwe lazima ukandamizwe na mzigo mzito kuliko ncha inayoning'inia, la sivyo linapinduka. Newgrange, kaburi la mawe la Ireland lililojengwa kama mwaka 3200 KK, lina dari hiyo yenye kimo cha mita 6, na haijaporomoka. Nashauri wanafunzi wako walitazame kwa makini: juu ya mawe ya dari walichonga mifereji ya kupeleka maji pembeni, na mianya wakaiziba kwa udongo uliochomwa na mchanga wa bahari. Walijua kwamba adui wa kaburi ni maji.

Mpingo_Liwale:
Jamii iliyoweza kukusanya watu 200 kuvuta jiwe moja ilikuwa na mtemi. Kaburi kubwa ni la mkubwa.

BintiKilwa:
Kaka Mpingo, hapo Turkana inakupinga. Lothagam North, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walitengeneza jukwaa la mawe la kipenyo cha mita 30. Katikati walichimba shimo kubwa hadi kwenye mwamba na kuzika humo kwa karne kadhaa, watu wasiopungua 580 kwa makadirio. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo za basalti, jiwe jeusi la volkano. Waliozikwa ni wanaume, wanawake, watoto wachanga na wazee, na karibu kila mmoja ana mapambo yake, shanga za mawe na za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno ya panya wa jangwani zaidi ya 400. Hakuna kona ya wakubwa. Ujenzi mkubwa wenyewe ndio uliowakusanya watu wa malisho ya mbalimbali.

Mwalimu, sasa la maziko. Kaburi la mawe makubwa mara nyingi lina mlango, watu wanaingia na kutoka, na wafu wanasogezwa. Tunalisoma hilo kwenye viungo. Viungo vya vidole na shingo huachana mapema mwili unapooza, vya magoti na kiuno hukawia. Vidole vikikutwa vimeungana, maiti iliwekwa nzima na haikuguswa tena. Mafuvu na mifupa ya mapaja ikiwepo bila vifupa vya viganja na nyayo, mwili uliozea mahali pengine ikaletwa mifupa. Vifupa vidogo vikiwepo na mikubwa ikakosekana, mwili uliozea humo kisha mikubwa ikahamishwa. Kwenye kaburi la mawe la West Kennet, Uingereza, watu wapatao 36 waliwekwa kwenye vyumba vya mawe, na vipimo vya umri wa mifupa kwa kaboni vinaonyesha wa mwanzo waliingizwa ndani ya kizazi kimoja hivi. Mlango ulizibwa kwa mawe makubwa baadaye sana.

Mfano wa karibu na sisi, na wa kale kuliko hayo yote, ni pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mtoto wa miaka 2 na nusu au 3 alizikwa humo miaka 78,000 iliyopita, kalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Hakuna jiwe hata moja lililosimamishwa. Mkao wa bega na mbavu unaonyesha alifungwa kwa sanda, na kichwa kiliinama kwa namna inayoonyesha kililazwa juu ya mto ulioozea chini yake. Mifupa ilikuwa laini mno ikabidi kukata bonge zima la udongo na kulizungushia plasta.

Sasa fikiria sururu juu ya kilima chako. Udongo unaotokana na graniti una asidi, mifupa huyeyuka. Kinachoweza kubaki ni doa la udongo mweusi, mpangilio wa shanga, alama ya shimo. Mtafuta dhahabu huvitoa vyote kwa beleshi moja, na hakuna wa kuvirudisha.

MaweYaKusini:
Na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda maziko ya kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji kibali. Hata likiwa la juzi kuliko hapo, kaburi halihamishwi kienyeji. Kuna sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969. Toa taarifa kwa maandishi kwa serikali ya kijiji na afisa utamaduni wa wilaya, nakala Idara ya Mambo ya Kale.

Mwl_Chikundi:
Asanteni sana. Wanafunzi wamepima: bamba ni mita 2 kwa 1.5, unene sentimita 40. Hapo ni tani 3.2, sawa? Mwamba wa juu yake una pengo, ila tumekuta ukingo wa mawe kama nusu ya duara. Kwenye taarifa niweke nini?

MaweYaKusini:
Tani 3.2 sawa, watu 20. Bamba basi yawezekana limeshuka lenyewe na ukingo ukawa wa watu. Andika vyote viwili, usichague kimoja. Weka namba za GPS, mchoro wa juu wenye mshale wa kaskazini na kila jiwe la ukingo kwa nafasi yake, na picha za pande nne zenye futi kamba iliyolazwa. Pengo la mwamba lipige picha peke yake, kipimo kikiwa ndani yake. Piga asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli hutoa mawe ambayo saa sita mchana hayaonekani. Maneno ya wazee yaandike kama walivyoyasema, pamoja na jina la kilima. Vigae au shanga zikiwa juu ya ardhi, pigeni picha mziache palepale.