Watoto wa miaka 3 na 6 kwenye njia za milimani: baiskeli isiyo na pedali, vigurudumu vya pembeni, au kubeba?

BabaWawili
Habari zenu wadau. Mimi na mke wangu tumekuwa watu wa baiskeli za milimani tangu kabla ya kuoana, na sasa tunataka watoto waingie pia, ili mapumziko ya wikiendi yawe ya familia nzima badala ya kupokezana, mmoja porini na mwingine nyumbani. Mkubwa ana miaka 6. Anaendesha baiskeli ya pedali vizuri kwenye lami, lakini mteremko wa vumbi hajaugusa. Mdogo ana miaka 3 na hajaanza kabisa.

Kwa mdogo naona njia tatu. Kuna baiskeli isiyo na pedali, ile ya kujisukuma kwa miguu. Kuna ya pedali yenye vigurudumu vya pembeni. Au nimbebe tu kwenye kiti au tela mpaka akue. Kwa mkubwa sijaamua kati ya gurudumu la inchi 16 na la inchi 20, wala kama inafaa niitafute yenye shokapu mbele. Naomba mnilinganishie kwa hoja.

Fundi_Spoku
Kaka, nianze na vigurudumu vya pembeni kwa sababu ndivyo vilivyozoeleka, na kwa hicho unachokitaka ndivyo vinavyofaa kidogo kuliko vyote.

Baiskeli hukata kona kwa kulala upande wa kona. Vigurudumu vya pembeni vinaizuia isilale, kwa hiyo mtoto anazoea kuzungusha usukani tu huku mwili wake ukitupwa nje ya kona, kama abiria wa basi. Siku ukivitoa, mazoea hayo yote inabidi yafutwe. Hapo nazungumzia lami. Kwenye vumbi ni balaa zaidi: kigurudumu kimoja kikipanda jiwe, au njia ikiwa na bonde katikati, tairi la nyuma linaning'inia hewani. Mtoto anakanyaga haendi popote. Na kama breki yake pekee iko kwenye tairi hilo la nyuma, wakati huo hana breki.

Isiyo na pedali inaanza na jambo gumu kwanza, yaani mizani. Mtoto anatembea nayo katikati ya miguu, baadaye anaketi na kukimbia, halafu siku moja anainua miguu yote miwili na kuteleza. Huhitaji kumfundisha, mpe eneo tambarare na umwachie muda. Akishaweza kuteleza na kukata kona, pedali huwa nyongeza ndogo. Wengi hurukia baiskeli ya pedali bila kupitia vigurudumu vya pembeni hata kidogo.

Ukienda kuichagua angalia haya. Pima mguu wake kwa ndani, kuanzia chini ya kiatu hadi msambani, kisha kiti kikae sentimita 2 au 3 chini ya kipimo hicho. Nyayo zote zitakaa chini na magoti yatapinda kidogo, apate nguvu ya kusukuma. Chukua nyepesi, ikizidi kilo 4 au 5 anaanza kuiburuta. Tairi ziwe za upepo. Zile za sponji hazitoboki, ni kweli, lakini zinateleza kwenye udongo mkavu na hazimezi mawe. Na kwa kuwa nyinyi mnaelekea milimani, tafuteni yenye breki ya mkono nyuma. Nyingi hazina, na mtoto anabaki kuburuta viatu kusimama. Kwenye uwanja inatosha, mteremkoni haitoshi.

Mzee_Ringi
Namuunga mkono Fundi. Hata historia ilikwenda kwa mpangilio huo huo. Mwaka 1817 Karl von Drais alitoka nayo mjini Mannheim, Ujerumani, mashine ya magurudumu mawili aliyoiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele Ufaransa miaka ya 1860. Pedali zilichukua miongo kadhaa kufika, mtoto wa miaka 3 anaweza kusubiri.

MamaTela
Nakubali yote kuhusu mizani, ila kubeba kusidharauliwe. Baba amesema anataka siku ya familia nzima. Mtoto wa miaka 3 kwenye baiskeli ya kujisukuma atafurahi kwa muda mfupi, kisha atakaa chini achezee mchanga. Hapo mkubwa anataka kuendelea, na ninyi mnataka kuona juu ya kilima kukoje. Kwetu kubeba na kuendesha vinakwenda pamoja: mdogo anabebwa sehemu ndefu, baiskeli yake imefungwa nyuma, tukifika penye tambarare anashushwa aendeshe mwenyewe.

Kati ya vya kubebea, kiti cha nyuma kwenye karia mimi sikipendi nje ya lami. Uzito unakaa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mlima, na mtoto haoni chochote isipokuwa mgongo wako. Kiti cha mbele, kile kinachofungwa kwenye fremu na mtoto kukaa katikati ya mikono yako, ni kitu kingine kabisa. Anaona njia, anashika usukani, anahisi baiskeli inavyolala kwenye kona, mnazungumza njia nzima. Miaka 3 ndiyo wakati wake. Ila wewe uendeshe chini ya uwezo wako, kwenye njia laini, kwa sababu mkianguka mnaanguka wote na yeye yuko juu.

Tela ya magurudumu mawili ni thabiti na ana pa kulala, lakini inataka njia pana. Kuna za gurudumu moja zenye springi, hizo zinapita kwenye njia nyembamba.

Kwa wengine wanaosoma hapa wenye watoto wachanga: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto aliye chini ya miezi 12 asibebwe kwenye baiskeli. Shingo bado haijawa na nguvu ya kuhimili kofia ngumu na mitikisiko.

BabaWawili
Asante sana. Mama, hilo la kuchanganya kubeba na kuendesha sikuwa nimelifikiria, nilidhani ni lazima nichague moja. Na mkubwa je? Yeye tatizo ni kupanda. Nina hakika kushuka atakupenda, kupanda atalia.

Njia_ya_Vumbi
Shemeji, hapo kwa mkubwa ndipo penye mambo mengi, nivumilie.

Kwanza uzito, kabla hata ya inchi. Tuseme mtoto ana kilo 20 na baiskeli ina kilo 10. Hiyo ni nusu ya uzito wake. Mtu wa kilo 75 angekuwa anapandisha mlima baiskeli ya kilo 37 na ushee. Ukisikia mtoto analia mlimani, inua baiskeli yake kwa mkono mmoja kwanza.

Hapo hapo ndipo shokapu inapokataliwa. Zinazowekwa kwenye baiskeli nyingi za watoto ni za springi ya chuma, nzito, na mtoto wa kilo 20 hana uzito wa kuzibonyeza. Anabeba chuma ambacho hakimsaidii. Kuna za upepo zinazorekebishika kwa mtoto mwepesi, nazo zina maana kwa anayeshuka njia za mawe mara kwa mara, ila mwanao hajafika huko. Kwa sasa shokapu yake ni tairi. Chukua tairi pana, inchi 2 au zaidi, usizijaze upepo zikawa ngumu. Kwa uzito wake psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 hadi 20 zinatosha: ukibonyeza kwa kidole gumba inakubali, na akipita kwenye mzizi ringi haigongi.

Inchi 16 au 20? Asimame akiwa ameipanda, nyayo zote chini, fremu isimguse. Kisha aketi kiti kikiwa chini kabisa: sehemu ya mbele ya nyayo ifike chini. Akiweza yote mawili, chukua 20. Gurudumu kubwa linapita juu ya mawe na mizizi kwa urahisi zaidi, na kuanzia saizi hiyo gia zinapatikana kwa wingi, jambo litakalomaliza nusu ya kilio cha mlimani. Mbele kuwe na gurudumu moja tu la meno, gia zote ziwe nyuma, ili awe na swichi moja ya kufikiria. Asipoweza, abaki na 16. Usinunue kubwa kwa hoja kwamba atakua. Kwenye lami atavumilia, kwenye mteremko mtoto asiyefika chini ana hofu, na mwenye hofu hajifunzi.

Breki iwe ya mkono, mbele na nyuma. Ile ya kukanyaga kinyumenyume ni ya kawaida sana kwenye baiskeli ndogo, na Marekani kanuni za usalama zinaitaka kwa nyingi kati ya hizo. Lakini mteremkoni tunataka mtoto asimame, pedali zikiwa usawa mmoja, na atulie hivyo. Breki ya kinyumenyume inamlazimu asogeze miguu ndipo ifunge, na mnyororo ukitoka breki inakwenda nao. Kwenye mkono wa breki kuna skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Irekebishe mpaka afikie kwa kidole kimoja au viwili bila kuachia mshiko. Watu wengi hawaigusi skrubu hiyo, wakati ndiyo inayoamua kama mtoto wa miaka 6 ana breki au hana.

Na kupanda: kamba ya kuvuta, ile inayovutika, kutoka bomba la kiti chako hadi shingo ya usukani wake. Anaendelea kukanyaga, kushika usukani na kufunga breki mwenyewe, wewe unamwongezea nguvu tu. Mkifika kileleni itoe. Kushuka mkiwa mmefungwa pamoja hapana, hata kama mteremko ni mdogo.

Kona_Kali
Wakuu, mbona hamjazitaja za umeme? Siku hizi zipo hata zisizo na pedali zenye mota, inchi 12 na 16. Mlima umekwisha, kilio kimekwisha.

Fundi_Spoku
Zipo, na zina hali ya mwendo wa pole. Lakini angalia jinsi nyingi zinavyofanya kazi: mota inaamshwa kwa kuzungusha mshiko. Mtoto akiogopa, mwili wake unarudi nyuma na mikono inabana. Mshiko unazunguka wenyewe, baiskeli inaongeza kasi wakati ule ule anaotaka kusimama. Aanze nayo akiwa tayari anafunga breki bila kufikiri, na hapo awe na mtu mzima karibu. Kwa mdogo wa kaka hapa, ambaye hajaanza, bado sana.

BabaWawili
Nimeelewa. Basi mdogo isiyo na pedali yenye breki pamoja na kiti cha mbele, mkubwa tutakwenda kumpima kwenye ya 20, bila shokapu, na kamba. Swali la mwisho: siku ya kwanza tuwapeleke njia ya namna gani, na tukae vipi njiani?

Njia_ya_Vumbi
Nenda na rangi za vibao vinavyoonyesha ugumu wa njia. Kijani ndiyo rahisi kuliko zote, bluu inafuata, nyeusi ni ngumu. Uingereza wana nyekundu kati ya bluu na nyeusi. Kaeni kwenye kijani kwa muda mrefu kuliko mtakavyotamani. Ikiwa karibu yenu kuna njia ya mawimbi, ile ya kuzunguka yenye vilima vidogo vidogo, anzeni hapo kabla ya msitu. Mkubwa atajifunza kusimama kwenye pedali, magoti na viwiko vilegee, macho yaangalie anakokwenda badala ya tairi la mbele. Mdogo atapita pembeni kwa kujisukuma, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Njiani mzazi mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, mkubwa katikati. Wa mbele ndiye anayechagua mstari na kasi, kwa hiyo aangalie nyuma mara kwa mara. Penye kipande kigumu simameni kabla yake, shukeni, mtembee nacho kwa miguu, mmwonyeshe mstari, kisha aamue mwenyewe kama anaendesha au anasukuma. Akisema anasukuma, isiwepo hata neno moja la kumbembeleza.

MamaTela
Na kofia ngumu, sijaona aliyeigusia vizuri. Ikae mlalo, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini kidogo ya masikio. Ukiifunga kidevuni kiingie kidole kimoja tu. Kwa mdogo atakayekaa kiti cha mbele, angalia isiwe na kisogo kikubwa kinachomsukuma kichwa mbele akiegemea. Ikipigwa kwa nguvu mara moja, itupwe hata kama haina ufa, kwa sababu sponji ya ndani hubonyea na hairudi. Glavu za vidole vizima pia, saizi yao, maana mikono ndiyo inayotangulia chini.

Fundi_Spoku
Kaka, ukishaleta hiyo ya 20 nyumbani, kabla hajaipanda kaza boliti za usukani na krenki (mikono inayoshika pedali), na uangalie kama breki ya mbele haijaunganishwa upande aliouzoea kwa ile ya nyuma. Kama alikuwa anafunga nyuma kwa mkono wa kulia, iwe hivyo hivyo.